Kazi Ambayo Binti Yangu Alikataa Kuifunga

Majina ya watu wote nitakaowataja hapa ninayajua. Ninajua na ya baba zao, na ya mbuzi ambao baba zao walitoa mahari. Siyaandiki. Wengine tunakaa nao benchi moja kanisani, na wengine wana wajukuu wanaosoma kila kitu. Atakayejiona humu, ni yeye amejiona.

Ninachoandika ni habari za binti yangu, mtoto wangu wa kwanza. Yeye ni injinia wa programu za kompyuta. Ameifanya kazi hiyo tangu kompyuta zilipokuwa na kisogo kikubwa kama televisheni za zamani, mpaka sasa mvi zake zimekaribia zangu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa nichunge mbuzi, kwa sababu kaka yangu alikuwa anaanza shule na mbuzi hawakuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo msitarajie nieleze kompyuta. Nitaeleza mtu. Huyo namjua, nilimzaa mimi.

Alianzia kwa masista wa misheni. Alipomaliza shule walimchukua awapigie taipu. Walikuwa na kompyuta moja, iliyofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono kama redio ya tajiri. Pamoja na mashine hiyo kulikuja kitabu kinene ambacho hakuna aliyekifungua. Binti yangu akakifungua. Sista mkuu alimkuta siku moja anakisoma wakati wa chakula, akamwambia, "Wewe, hicho si kitabu cha dini, mbona unakisoma ukitabasamu?" Hakuacha kutabasamu, wala hakuacha kusoma. Baadaye masista hao hao ndio walioandika barua ya kumwombea nafasi Nairobi, na mimi kila nikipita pale misheni nawashukuru hata kama waliobaki hawanijui.

Nairobi alifanya kazi katika kampuni iliyokuwa ikitengeneza programu za maduka na za benki. Alikuwa mwanamke peke yake. Siku ya kwanza alipoitisha kikao, mwanamume mmoja aliyetoka tawi lingine alimwonyesha birika na kumwambia, "Mama chai, mimi usiniwekee sukari." Binti yangu akawamiminia wote, bila sukari kwa yule aliyesema, akajimiminia na yeye, kisha akaenda kuketi kiti cha mwenye kikao na kusema, "Haya, tuanze." Hadithi hiyo nimeisimulia hata kwenye matanga. Nitaendelea kuisimulia.

Miaka mingi alipanga nyumba Mlolongo. Nilikuwa nikienda kumwona nikibeba ndengu na mahindi, na nikifika nilianza kwa kufuta meza, maana vumbi la machimbo ya mawe lilikuwa linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Chini malori yalipanga foleni ya mizani kama ng'ombe wa kuogeshwa. Yeye alikuwa ananisalimia vizuri, ananipikia, halafu anarudi kwenye kompyuta yake. Mwanzoni nilikasirika. Nikamwambia, "Kazi ya ofisi si uliiacha ofisini?" Akanijibu, "Hii si ya ofisi, mwaitu. Hii ni yangu na ya watu." Mwaitu, kwetu, ni mama yangu. Hata leo na umri wake ananiita hivyo.

Sasa hiyo ya watu ndiyo iliyoleta maneno yote, kwa hiyo acha niieleze kama alivyonieleza.

Mtoto wa dada yangu alikuwa nesi katika zahanati ndogo huko upande wa Katangi. Dawa zikikaribia kwisha alikuwa anatuma ujumbe kwa simu kwenda mjini. Simu ikamwambia imetuma. Kumbe mtandao ulikuwa umeanguka, na ujumbe ukapotea njiani bila mtu kujua, yeye anangoja dawa na mjini hakuna aliyesikia kitu. Alikuja kulia kwa binti yangu. Binti yangu akaketi akaandika programu yenye kazi moja tu: kuushika ujumbe, kujaribu kuutuma, kujaribu tena, na kutousahau mpaka upande wa pili useme kwa mdomo wake, nimepata. Basi. Ni kama mtoto mwaminifu unayemtuma, asiyekwambia "nimepeleka" kabla hajapeleka.

Alipomaliza hakuifungia. Aliiweka kwenye mtandao wazi, na maandishi yake yote ya ndani, ili anayetaka aichukue, aisome, aitumie, na akiona kasoro airekebishe na kumletea marekebisho. Wao wanaita programu huria. Sharti lilikuwa hili: jina la kila aliyeongeza kitu libaki humo, na nikichukua mimi nikaiboresha, nami niwaachie wengine wazi vilevile. Leo, aliniambia, inatumika kwenye zahanati, kwa wapima mvua, kwa wakusanyaji maziwa, katika nchi ambazo mimi nikizisikia redioni hufikiri ni majina ya dawa.

Watu wengi wakielezwa hivyo husema, "Aa, ni mwethya." Hapana. Mwethya naujua, nimechimba matuta ya nusu ya Kalama hii na wenzangu tukiimba. Kwenye mwethya leo tuko kwako, kesho tuko kwangu, na asiyekuja kwa mwenzake tunamjua na tunamngoja. Kazi ya binti yangu haimngoji mtu. Anayeichukua huenda asirudi kamwe, hata kusema asante. Nilimwuliza kama hilo halimuumi. Akasema, "Linaniuma siku nyingine. Halafu anatokea mmoja anarekebisha kitu ambacho mimi nisingekiona."

Hao wanaorekebisha nilianza kuwajua. Aliporudi kuishi nyumbani tulikuwa tunaketi jioni tukimenya maharagwe, namwuliza, "Leo nani ameleta?" Ananitajia. Kuna mama mmoja wa Brazili mwenye watoto pacha, kuna kijana wa Nigeria anayeandika kwa hasira kila wakati, kuna mzee wa nchi ya barafu ambaye amekuwa akileta marekebisho madogo madogo tangu mwanzo, ya makosa ambayo wengine hawayajali. Ninawaombea wote, kila mmoja kwa jina, na kama nayatamka vibaya Mungu anajua namaanisha nani.

Mwaka fulani, baada ya mvua ndefu, nikamwuliza, "Na yule mzee wa barafu? Hujamtaja tangu tupande."

"Kweli, mwaitu. Sijamwona."

"Hujamwona, au hujamtafuta?"

Alimwandikia. Aliyejibu alikuwa mke wake: mzee alikuwa amepigwa na kiharusi, mkono wa kulia umelala. Na lile rekebisho la mwisho alilotuma lilikuwa bado linangoja binti yangu alipitie. Alilipitia siku hiyo hiyo, akalikubali, akamwandikia mke wake kwamba limeingia. Mke akajibu kwamba amemsomea mzee, naye ametikisa kichwa. Ndivyo kazi hii ilivyo. Anayesema ni upuuzi aje aniambie mimi usoni.

Nimesema alirudi nyumbani. Aliacha Nairobi kwa hiari yake, mgongo ulikuwa umemchosha na mimi goti langu lilikuwa limeanza kunidanganya. Kampuni ndogo ya nchi nyingine ilikuwa inampa kazi za kufanya akiwa popote, na muda uliobaki ulikuwa wa ile programu. Lakini hapa kwetu mtu aliyerudi kutoka Nairobi bila lori la vyombo na bila sherehe, huyo amefukuzwa. Haukupita mwezi wanawake wa jumuiya yetu wakafika na kilo ya sukari na unga.

"Tumekuja kusimama na wewe, mama," akasema mwenyekiti wao. "Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Usifiche. Mtoto kufutwa kazi si dhambi."

"Nani amefutwa?"

"Si anashinda nyumbani! Na juzi mimi nikipita nimemsikia anaongea Kizungu peke yake, anacheka. Mama, magonjwa ya akili siku hizi yanatibiwa. Ni kama malaria tu."

Wakati huo huo, ndani, binti yangu alicheka kweli, kwa sauti. Wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Tupige magoti."

Tulipiga magoti. Waliomba kazi imrudie, na mume kama Mungu hajasahau, na roho ya kucheka peke yake imtoke. Katikati ya maombi binti yangu akatoka na vile vidude vyake vya masikioni vikiwa shingoni, akaona, akapiga magoti nasi bila kuuliza. Akasema amina kubwa kuliko wote, akawashukuru, akapokea sukari kwa mikono miwili. Walipoondoka nikamwuliza kwa nini hakuwaambia alikuwa kazini, anaongea na watu kupitia kompyuta. Akasema, "Mwaitu, sukari si ilikuwa imeisha?"

Baada ya hapo wakaanza kumletea redio zilizokufa na simu zilizoanguka kwenye maziwa. Mwenye kinu cha posho alimwita aangalie injini. Alipomwambia injini ya dizeli haijui, yule bwana alisema kwa huzuni, "Kumbe walikuwa wanakulipia nini?"

Haya yote yalikuwa ya kucheka. Yasiyokuwa ya kucheka yalianza na gari.

Gari lilikuja na watu watatu waliovaa vizuri, viatu vyao vikajaa vumbi wakajifanya hawaoni. Niliwakaribisha, nikawapikia chai. Walitaka ile programu. Walisema wanataka kuifanya kubwa: sehemu mpya zote zifungwe ziwe zao, majina ya wale waliochangia yatoke, na binti yangu awe mkubwa kwao na atangaze kwamba ile ya wazi haishughulikiwi tena. Wangemlipa vizuri. Kiasi walichotaja nilikisikia, nikasahau makusudi.

Binti yangu akawaambia, "Ile iliyo wazi mnaweza kuitumia hata leo, bila kuniuliza. Kuifunga ndiko sitaki. Nusu ya kazi hiyo si yangu. Na zahanati zinazoitegemea zitafanyaje?"

Mmoja akasema zahanati zitapewa bei nafuu. Binti yangu akamtazama tu. Wakaacha kadi mezani, wakasema wanangoja jibu, wakaenda.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alipata habari kabla vumbi halijatua. Ndiye mwanamume mkubwa aliyebaki katika ukoo wa mume wangu, na ndiye anayeshika mambo ya boma. Sina la kumsingizia. Ni mtu anayefanya kazi, mbuzi wake wana afya, na mume wangu alipofariki alinichimbia choo kipya bila kuombwa. Lakini ana ugonjwa wa kudhani kila kitu kisicho na ua kimepotea.

Wakati huo binti yangu alikuwa anamaliza kujenga nyumba. Nilimpa sehemu ya chini ya shamba, chini ya tuta la pili, pale mpaka umepandwa mkonge. Nyumba ndogo, ya mawe ya Mlolongo. Mlango ulishawekwa, madirisha yalishawekwa. Kilichobaki ni kimoja. Katika boma letu, nyumba mpya hailalwi kabla mkubwa wa ukoo hajawasha moto wa kwanza ndani yake, na watu wakala chakula kilichopikwa kwa moto huo. Isipofanyiwa hivyo, inahesabiwa ni stoo. Posa haziletwi humo, wageni wa ukoo hawaketi humo, na mwenyewe huonekana kama mpangaji. Sheria ya kwamba binti naye anarithi najua iko, hata redio imeisema. Lakini sheria haikai jirani na wewe. Shemeji ndiye anakaa jirani.

Aliitisha kikao sebuleni kwangu. Walikuja yeye na mke wake, wanangu wawili wa kiume, binamu za mume wangu wawili watatu. Mvua ilikuwa inanyesha ikabidi watu wapaze sauti, na hilo halikusaidia.

"Shemeji," akaniambia, "mimi sina ubaya na mtoto. Lakini mtu hujulikana kwa anavyoshika chake. Huyu ameshika nini? Miaka yote hiyo Nairobi, kazi yake amewagawia watu asiowajua. Wenye nacho wamekuja mpaka hapa mlangoni, amewapa chai na kuwaambia kazi yake si ya kufungwa. Sasa tumpe shamba la kaka yangu? Kesho atasema na shamba si la kufungwa. Tutaamka tukute watu wa ng'ambo wanapanda mahindi hapo chini."

"Labda watapalilia," akasema binamu mmoja. "Sisi tumechoka."

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka.

Binti yangu alisema polepole, "Baba mdogo, programu nikikupa wewe, mimi bado ninayo. Shamba nikimpa mtu, limeenda. Tofauti hiyo ninaijua. Nimeifanyia kazi maisha yangu yote."

"Mnasikia? Anajibu kama wakili."

"Anajibu kama mtu aliyeulizwa," nikasema mimi.

Nilikuwa nimekusudia kunyamaza, kwa sababu mama akisema sana wanasema anatetea tumbo lake. Lakini nilishindwa. Nikamwuliza shemeji, "Wakati wa ile njaa kubwa ulipokuwa kijana, mto ulipokauka, maji ulikuwa unachota wapi?"

"Kwenye mchanga. Kama kila mtu."

"Shimo ulichimba wewe?"

"Tulikuwa tunakuta limechimbwa."

"Na nani?"

Mke wake ndiye akasema, "Aliyetangulia."

"Na sheria ilikuwa gani?"

Wote waliijua. Ukikuta shimo, mchanga ulioporomoka utoe kwanza, ndipo uchote. Ukimaliza, weka miiba punda wasilichafue. Wala shimo halikuwa la aliyelichimba. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo kazi ya mtoto huyu. Yeye amechimba, na watu wanatoa mchanga. Wale wa gari wanataka kukaa juu ya shimo na fimbo."

"Hayo yalikuwa maji, shemeji."

"Ndiyo. Na mwaka huo kulikuwa na kitu gani cha thamani kuliko maji?"

Mimi nilidhani nimemshinda. Lakini mtu haelewi kwa sababu umemshinda. Alisimama, akavaa kofia, akatoa hukumu yake: binti awaandikie watu wa gari akubali, hiyo itaonyesha amekomaa na anajua kushika mali, na yeye mwenyewe atakuja kuwasha moto wa nyumba kwa furaha. Asipokubali, nyumba isimame hapo, lakini hakuna mtu wa ukoo atakayewasha kitu ndani yake. Wanangu wa kiume walitazama sakafu. Nilizaa watatu, siku hiyo mmoja ndiye alikuwa na shingo.

Na huyo mmoja alianza kuinama. Hilo ndilo lililonitia hofu. Siku zilizofuata hakucheka ndani ya nyumba. Tulikuwa tunachagua ndengu, akaniambia bila kuinua macho, "Mwaitu, labda niwape."

"Uwape nini?"

"Hao wa gari. Nimechoka. Nina umri wa watu wanaostaafu, na sina pa kulala pangu. Nimeishi kwenye vyumba vya kupanga tangu nitoke kwako. Ninataka kulala nyumbani, basi. Programu itapata watu wengine."

"Na majina yao?"

"Yatatolewa."

"La yule mzee wa barafu pia?"

Nikaendelea kuchagua. Sikutaka kumsukuma kwa kumtumia mtu mgonjwa, hiyo si haki. Nikamwambia, "Sikiliza. Mimi nilipofiwa, waliniambia nitapewa amani nikikubali kurithiwa na nikubali shamba liandikwe jina la mwanamume. Nilikuwa nimechoka kuliko wewe, na nilikuwa na nyinyi watatu mnalia. Nilikataa, na amani nilikosa miaka mingi. Lakini ndengu hizi tunazichagulia wapi?"

"Kwako."

"Basi fanya unavyotaka. Ukiwapa, mimi ni mama yako. Usipowapa, mimi ni mama yako. Ila usiniambie unauza kwa sababu ya moto wa shemeji. Sema unauza kwa sababu unataka kuuza."

Ndengu zilipokwisha akasema, "Sitaki kuuza."

Jumamosi nikamwuliza, "Umewaandikia?"

"Nimewaandikia hapana."

"Wamejibu?"

"Wamesema wanasikitika."

"Watapona. Kesho asubuhi lete kuni, zipeleke kwenye nyumba yako. Ziwe kavu chache na mbichi chache."

"Mbichi za nini?"

"Za moshi."

Jumapili sikwenda kanisani. Mungu aniwie radhi, na nadhani aliniwia. Njia ya kutoka kanisani inapita juu ya shamba letu, na mtu akishuka kuelekea nyumbani hawezi kukosa kuiona ile nyumba. Binti yangu amewekewa jiko la gesi jikoni, zuri, la kung'aa. Mimi nilimwambia aiweke kando gesi yake. Kwenye baraza ya nyuma, chini ya paa la nyumba hiyo hiyo, nilipanga mafiga matatu, nikachuchumaa na goti langu lote, nikawasha. Nikateleka muthokoi. Nilichagua muthokoi kwa sababu mahindi yale ya kukobolewa na maharagwe huchukua saa nyingi kuiva, na mimi nilitaka watu watoke misa bado moshi unapanda.

Wakatoka. Nikawaona wanasimama juu kule, wanaonyeshana. Halafu nikamwona mwenyekiti wa jumuiya anashuka peke yake, anashika gauni lisiguse matope.

"Mama, ni nani amewasha?"

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Unaona mwingine hapa mwenye masizi?"

Akaangalia sufuria, akaangalia njia, akaangalia sufuria. "Imeiva?"

"Karibu."

Akageuka akaita wenzake kwa sauti ile anayoitia watu kwenye michango. Wakashuka wote. Binti yangu alikuwa hana sahani za kutosha, wakala kwa vifuniko, kwa bakuli, wengine wawili wawili. Mmoja akapita ndani akaona meza na kompyuta, akamwuliza binti yangu taratibu, "Kwa hiyo siku ile ulikuwa unaongea na watu?" Akamwambia ndiyo. "Na tulikuombea roho ikutoke!" Wakashikana mikono wakacheka mpaka yule mama akalazimika kukaa.

Shemeji alifika tukiwa katikati ya kula. Hakuvuka mpaka. Alisimama upande wa pili wa mkonge na fimbo yake na suti ya kanisani.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimepika."

"Moto wa nyumba mpya hauwashwi na mwanamke."

Nikainuka. Goti lilinikatalia, nikainuka hivyo hivyo. "Mdogo wa mume wangu," nikamwambia, "nyumba yako, moto wa kwanza uliwashiwa na kaka yako, mimi nikiwa nimesimama pale. Aliwasha mara moja. Tangu siku hiyo mpaka leo asubuhi, huo moto umekuwa ukiwashwa na nani?"

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nami nikageuka. Mke wake alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango na bakuli mapajani.

"Hata wewe?" akamwuliza.

"Misa ilikuwa ndefu," mke wake akasema. "Njoo ule, kuna chumvi ya kutosha."

Alisimama kidogo. Nilimwambia, na nilisema kwa heshima, kwamba ana kiti chake, na kwamba ningefurahi kaka yake awe na mtu wa kumwakilisha mahali pale. Akasema moto ule hauhesabiwi. Nikamwambia chakula kilichopikwa kwa moto huo kimehesabiwa na watu wote walioshiba. Akaondoka. Hakula.

Usiku huo nililala kwenye nyumba ya binti yangu, na kesho yake nikaagiza kitanda changu kiletwe. Hao wanangu wawili waliotazama sakafu ndio waliokibeba, niliwaambia angalau migongo yao inafanya kazi. Binti yangu anafanya kazi zake chumba cha mbele. Ile programu bado iko wazi, na wale wa gari nasikia wametengeneza ya kwao, na ya kwao ni yao. Kuna siku anachoka, kuna siku watu wanamwandikia maneno ya jeuri kwa kitu walichopewa bure, na siku hizo ninamwambia afunge kompyuta atoke nje anisaidie kuku. Anatoka. Kesho yake anarudi.

Shemeji bado anaiita stoo. Mke wake huja kila Alhamisi na nyuzi zake za vyondo, vile vikapu vyetu, tunasuka barazani, naye huyu bwana humtuma mtu kumwita badala ya kuja mwenyewe. Mwezi uliopita alituma ujumbe mwingine: kwamba siku nikifa hatakubali nitolewe kwenye nyumba hiyo kwenda kuzikwa, kwa kuwa si nyumba ya ukoo. Nilimjibu kwamba nitatolewa humo, tena kwa mlango wa mbele. Akauliza ni nani atakayebeba. Nikamwambia aanze kufanya mazoezi, maana mimi si mwepesi.